Nyigu wa Mzee Salimu

Siku mliyoniaga mlinipa saa ya ukutani, nami nawashukuru, ingawa sijui mtu aliyestaafu anawahi wapi. Nimeitundika jikoni, inanitazama nikisonga sima. Kisha mwenzenu Wafula akaniomba niandike kidogo juu ya kazi yetu, ili watakaokuja baada yenu wajue tulianzia wapi. Nimekubali kwa sharti moja: sitaandika nilipandishwa cheo lini wala kwa barua ya nani. Hayo yamo kwenye faili, na mchwa watayasoma wakati wao ukifika.

Nilifika kwenye kituo cha utafiti wa wadudu nikitokea kwetu Kinango, nina cheti cha kidato cha nne, ujuzi wa kupiga taipu na viatu vya kuazima. Kituo ni hiki hiki mnachokijua, njia ya Msambweni, isipokuwa siku zile hakikuwa na uzio wala kompyuta. Kitu cha kwanza kilichonishangaza hakikuwa mdudu. Lilikuwa bomba la uani lililokuwa likidondosha maji na hakuna mtu aliyeweka ndoo chini yake. Kwetu bomba kama hilo lingekuwa na foleni. Nikatafuta ndoo, nikaiweka. Mzee mmoja mwenye kofia ya kufuma alinikuta nimeinama pale, akaniuliza kama nimeajiriwa kufua au kuandika wadudu. Nikamwamkia shikamoo, nikamwambia pia kwamba maji ni maji. Akaitikia marahaba, akacheka, na ile ndoo ikabaki pale mpaka bomba lilipotengenezwa.

Huyo ndiye Mzee Salimu Mwadzoyo, fundi mkuu wa vielelezo, yaani wale wadudu waliokaushwa na kuchomwa sindano ambao ndio mali ya kituo. Alizaliwa Mwabungo katika ukoo wa wavuvi, lakini bahari ilikuwa ikimtapisha, basi akaishia kuvua nchi kavu. Kuna watu walimcheka kwa hilo. Yeye aliwajibu kwamba samaki wake hawaozi.

Ndiye aliyenifundisha kazi. Wiki ya kwanza hakuniruhusu kugusa taipu. Alinipa koleo ndogo, sindano nyembamba zenye vichwa vyeusi na kopo la nyigu waliokufa, akanionyesha namna ya kumchoma mdudu. Sindano hupita kulia mwa kifua, haipiti katikati. Mdudu ana pande mbili zinazofanana, alinieleza, kwa hiyo ukiharibu wa kulia, wa kushoto unabaki mzima wa kutoa ushahidi. Chini ya mdudu huja lebo: alikamatwa wapi, lini, na nani. Mikono yangu ilikuwa imezoea jembe na kamba za mbuzi, na nyigu wengi walipoteza vichwa siku hizo. Mzee hakufoka. Alikuwa akivikusanya vile vichwa na kuvipanga mbele yangu juu ya karatasi nyeupe, kimya kimya, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kufoka.

Lebo ndiyo iliyokuwa dini yake ya pili. Siku moja nilifungua sanduku la zamani nikakuta kipepeo mkubwa wa buluu, mzuri ajabu, mbawa hazijatoboka popote. Hakuwa na lebo. Nilimpelekea Mzee nikidhani nimeokota dhahabu. Alimgeuza, akatazama chini ya sindano, akaichomoa, kisha akatoka nje na kumtupia kuku. Nilikaribia kulia. Akaniambia kipepeo asiyejulikana alikokamatwa ni pambo tu, na mapambo yanauzwa ufukweni Diani, sisi hatuuzi. Mdudu mbaya mwenye lebo ya kweli, akasema, atakaa katika droo hii tukishazikwa sote. Mimi mwenyewe nimewahi kuwapigieni kelele kwa maneno hayo hayo, nanyi mkadhani ni yangu.

Sasa niwaeleze kuhusu mdudu wake. Alipokuwa kijana alikuwa akimsindikiza mtaalamu mmoja wa ng'ambo, na siku moja katika mchanga nyuma ya Mwabungo alimwona nyigu wa aina ambayo hakuwa ameiona. Hakuwa na mbawa. Alikuwa mwekundu mgongoni, ana madoa meupe na manyoya mafupi mwili mzima, ungemdhani sungusungu aliyevaa mahameli. Mzee alimshika kwa vidole. Wale mliowahi kuumwa na nyigu wa namna hii mnajua kilichofuata. Mkono ulivimba mpaka kiwiko, lakini hakumwachia, na yule mtaalamu alipogundua kwamba mdudu yule hana jina katika vitabu, alimpa jina la Kilatini lililotokana na ukoo wa Mwadzoyo.

Kila mgeni aliyekuja kituoni alipelekwa kwenye droo ile. Mzee aliivuta taratibu, akaondoka mbele ya mwanga ili mgeni aone vizuri, akasema, "Huyu ni mimi." Kisha alikuwa na hotuba yake fupi: haruki, hajipambi kwa mbawa, anakwenda kwa miguu yake, peke yake, na ukimchokoza utajuta. Mkewe, Bi Mwanaisha, aliyekuwa akituletea mahamri ya saa nne, alikuwa akisema kwamba sehemu ya mwisho angeweza kuithibitisha yeye. Wote wawili walipenda mzaha. Lakini hawakujaliwa mtoto, na wakati mmoja tukiwa tunabadilisha dawa ya nondo katika droo, Mzee aliniambia bila kunitazama kwamba mtu asipoacha mtoto jina lake huishia kaburini, ila yeye Mungu amemtafutia njia nyingine. Nilikuwa msichana, nikaendelea kutia dawa.

Kompyuta zilikuja, mimi nikawa wa kwanza kuzigusa kwa sababu ya ile taipu. Halafu ikaja katalogi ya mtandaoni, ambayo ninyi mmeikuta na mnaiona kitu cha kawaida. Kwa atakayesoma haya akiwa mgeni: ni orodha moja ya dunia nzima, inayojaribu kumweka kila mdudu anayejulikana mahali pake, na jina lake moja halali, picha yake, na sehemu alizowahi kukamatwa. Wanaoijaza ni watu kama sisi, waliotawanyika katika vyumba vyenye harufu ya dawa ya nondo pande zote za dunia. Mimi nilikabidhiwa nyigu. Mtandao ulikuwa ukikatika kila mvua ikinyesha, na mahali pekee uliposhika vizuri ni karibu na tangi la maji, kwa hiyo kwa muda mrefu wadudu wa Pwani waliingia duniani kupitia kwangu nikiwa nimekaa juu ya jiwe, kompyuta mapajani, kanga kichwani kwa ajili ya jua.

Kesi ngumu zilikuwa nyingi. Kuna lebo za wageni wa zamani zilizoandikwa "Mombasa" kwa kila kitu kilichokamatwa kuanzia kivuko hadi mpakani. Kuna zile za siku hizi zinazoita kila mahali Diani, kwa kuwa hoteli nazo zinajiita Diani hata zikiwa karibu kufika Chale. Na kuna jambo linalowapata watu wa nyigu kuliko wengine: dume na jike hawafanani hata kidogo. Pengine dume ana mbawa, jike hana. Huyu mweusi, yule mwekundu. Mtu akimwona dume anampa jina, mwingine baada ya miaka akimwona jike anampa jina lingine, na katalogi inawahesabu kama aina mbili. Hakuna mjinga hapo. Hujui mume wa nani ni nani mpaka uwakute pamoja, nao hawana desturi ya kutualika. Ikigundulika ni aina moja, kanuni ni kwamba jina lililotangulia kuchapishwa ndilo linalobaki halali, hata kama aliyelitoa hakuwahi kukanyaga Kwale. La pili linawekwa chini yake kwa herufi ndogo. Kwa lugha ya kazi tunasema limezama. Nimezamisha majina mengi, na sikuwahi kuwafikiria wenyewe.

Mzee alistaafu, na haukupita muda akapigwa na kiharusi. Kilimchukua upande wa kulia. Nilipokwenda kumtazama nyumbani Mwabungo alikuwa anaongea polepole, lakini alikuwa yule yule. Akaniambia, "Unaona, mwanangu? Nimechomwa sindano upande unaotakiwa. Wa kushoto upo kwa ushahidi." Bi Mwanaisha alitoka nje. Ndiye aliyekuwa akimwinua kitandani, kumweka barazani, kumrudisha ndani jua likifika, kwa mikono ile iliyoshiba nguvu kwa kukanda unga wa mahamri. Nikawa naenda kila nikipata nafasi. Nilimfungulia ukurasa wa mdudu wake kwenye simu, na baada ya hapo hakuna mgeni aliyekuja kumjulia hali akaondoka bila kuombwa afungue ukurasa ule na kusoma jina kwa sauti.

Mwaka wangu wa mwisho kazini, Wafula nami tulikwenda na nyavu katika njia ya mchanga kule Galu. Mnamjua Wafula, ametoka Bungoma na hadi leo anaongea kama utingo wa matatu stejini Ukunda, lakini jicho lake halina mfano. Alifyagia wavu juu ya majani, akachungulia, akaniita. Ndani alikuwamo nyigu mweusi mwenye mbawa, na chini yake, ameshikwa barabara, jike mwekundu mwenye madoa meupe. Walikuwa wamepandana. Dume alikuwa ameruka naye.

"Madam, hii ni noma," Wafula akasema. "Hakuna mtu ashawahi kuwapata hivi."

Mimi nilikaa chini mchangani. Nilimtambua jike kabla hata sijatoa lenzi, na dume pia nilikuwa namjua. Yumo katika katalogi, mimi ndiye niliyemwingiza: jina la zamani, lenye maana ya "mweusi" tu, alilopewa na mtu aliyeletewa mzoga wake ndani ya sanduku. Lilikuwa limetangulia la Mzee Salimu kwa miaka mingi. Vipimo vya maabara vilirudi vikathibitisha, makala ikaandikwa ikachapishwa, na kilichobaki ni mtu wa nyigu kuingia katika katalogi na kubadilisha. Mtu wa nyigu alikuwa mimi, na nilikuwa nimebakiza wiki moja kustaafu.

Wafula ana moyo mzuri. Aliniambia nistaafu kwa amani, atabonyeza yeye nikishaondoka, na buda, yaani Mzee, hatajua. Nilitamani iwe hivyo. Lakini nilijua itakavyokuwa: siku moja mgeni atafungua ukurasa ule mbele yake, atasoma kwa sauti kwamba jina hili halitumiki tena, na Mzee atabaki kumtazama. Nikaenda kwanza kwa Bi Mwanaisha. Nilimkuta jikoni, nikamweleza yote. Aliacha unga, akajifuta mikono kwa pembe ya leso yake ya kanga.

"Mwanangu Mbodze," akaniambia, "wenzake wana watoto. Huyu ana mdudu. Utamnyang'anya?"

Nilikaa na kikombe changu cha chai mpaka kikapoa. Kisha nikamsimulia habari ya yule kipepeo wa buluu na kuku. Yeye alikuwa hajawahi kuisikia. Alisikiliza mpaka mwisho, akarudia kukanda unga, akakanda kwa muda mrefu. Mwishowe akasema, kama ni lazima, nije asubuhi Mzee akishakunywa chai, kwa sababu jioni huwa ana uchungu.

Nilikwenda asubuhi. Mzee alikuwa barazani katika kiti chake, kofia imemkaa sawa, amenyolewa ndevu vizuri. Nadhani Bi Mwanaisha alimwandaa. Nilimwamkia, tukaulizana hali za nyumbani na za kazini kama desturi, na wakati wote huo kijisanduku chenye wale wawili kilikuwa mapajani mwangu kama jiwe. Nikakitoa. Akaomba lenzi yake, nami nikamshikia sanduku karibu na jicho.

"Huyu ni mimi," akasema, akigusa kioo juu ya yule mwekundu.

"Ndiwe, Mzee."

"Na huyu mwenye mbawa?"

"Walikamatwa pamoja, wameshikana. Huyo ndiye mume."

Akatazama tena, mmoja, kisha mwingine, kisha wa kwanza.

"Kwa hiyo miaka yote hii," akasema taratibu, "mimi ni mke wa mtu."

Bi Mwanaisha alikuwa amesimama mlangoni akijifanya anakunja nguo. Kicheko kilimponyoka, akajiziba mdomo kwa leso. Mzee naye alitabasamu kwa upande anaouweza, na mimi nikadhani tumevuka. Hatukuwa tumevuka.

"Mume ana jina?" akauliza.

"Analo, Mzee. Alipewa kabla yako."

Sikuhitaji kumweleza zaidi, kanuni alinifundisha yeye. Aliiweka lenzi mapajani. Macho yake yalijaa maji na hakuwa na namna ya kuyafuta haraka, nami sikujua kama nimfutie au niangalie pembeni. Nilimwonea huruma mpaka nikaichukia kazi yangu.

"Sikupata mtoto, nikasema hewala," akasema. "Nikasema Mola amenipa hili. Sasa na hili limekwenda."

Nilifungua kompyuta ya ofisini niliyokuja nayo. Nilimwonyesha ukurasa jinsi utakavyokuwa: juu jina la mweusi, na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la Mwadzoyo, na mbele yake Mwabungo, palepale mkono ulipovimba. Nikamwambia katalogi haifuti jina la mtu. Mtu akiliandika, awe popote duniani, haiwezi kumjibu kwamba halipo. Itamchukua na kumleta hapa.

"Kwa mume," akasema.

"Kwa mume."

Kisha akabadilika, akawa fundi mkuu niliyemkuta kituoni. Akaniuliza kama hao wawili wana lebo. Nikamsomea: Galu, njia ya mchanga nyuma ya minazi, tarehe, na majina ya waliokamata, Wafula na mimi. Akaniuliza kama sindano zimepita kulia. Nikamwambia atazame mwenyewe. Akatazama.

"Unabonyeza lini?"

"Nilitaka ujue kwanza."

"Nimekwisha kujua. Lete hapa."

Nilimsogezea kompyuta. Akanyoosha kidole cha mkono wa kushoto, nikamwonyesha pa kubonyeza, akabonyeza. Mtandao wa Mwabungo mnaujua. Kile kiduara kilizunguka, kikazunguka, sote watatu tunakitazama.

"Hata jina kuzama linangoja mtandao," akasema Mzee.

Likazama. Bi Mwanaisha alikaa juu ya jamvi kando ya kiti na kumshika ule mkono wa kulia usiohisi kitu. Niliwaza kwamba nimekuja kumaliza kazi yangu kwa kumwondolea mtu kitu chake cha pekee, na kwamba saa yoyote yule mama atanitazama kwa jicho ambalo sitalisahau. Hakunitazama hivyo. Alisema tu kwamba jua limefika barazani, na ni wakati wa kuingia ndani.

Akajifunga leso kiunoni. Akainama, akauzungusha mkono wa Mzee shingoni mwake, akampitishia wake mgongoni, na kumwinua kwa mara moja kama anavyofanya kila siku. Nilisimama kusaidia, akatikisa kichwa. Walikuwa wamefika mlangoni Mzee aliponiita, kidevu chake kikiwa juu ya bega la mkewe.

"Mbodze. Yule mume, humbeba?"

"Humbeba, Mzee. Huruka naye."

"Nami nilikuwa nikiwaambia watu anakwenda peke yake." Akacheka, cheko la kweli safari hii, mpaka Bi Mwanaisha akamwambia atulie asije akamwangusha. "Kaandike na hilo, mwanangu."

Katika katalogi, chini kabisa ya kila ukurasa, kuna nafasi ya kueleza mdudu anavyoishi. Kwa nyigu wengi iko wazi, maana hakuna aliyeona. Niliporudi kituoni siku ile niliijaza kwa Kiswahili. Wahariri wa ng'ambo waliniandikia kuuliza ina maana gani, niliwaeleza, wakaiacha. Inasema: "Jike hana mbawa. Hubebwa na mwenzake." Ndiyo kazi yangu ya mwisho hapo kwenu. Naomba msiifute.